Maswali yenu kuhusu chanjo ya polio: matone, sindano na kumbukumbu ya utumbo

*Mwanangu kachomwa sindano ya polio hospitali binafsi. Matone ya nini tena? (Mama, Mbezi)*

Ya utumbo. Polio huingia kwa mdomo, huzaliana utumboni na kutoka na kinyesi. Sindano hujaza kingamwili kwenye damu, mtoto hapoozi. Ila utumbo ambao haujawahi kupata matone humpokea adui bila kumtambua, na mtoto mzima wa afya akawa msambazaji. Israel ilibaki na sindano tu kuanzia 2005. Mwaka 2013 polio ya asili ikakutwa kwenye majitaka ya mji wa Rahat. Hakuna aliyepooza, lakini matone yalirudishwa. Sembuse sisi wa vyoo vya shimo! Anayekuuzia sindano ukaache "matone ya bure" anakuuzia nusu ya kinga.

*Basi sindano haina maana? (Kakamega)*

Nani kasema? Kinga ya matone utumboni hufifia kadiri muda unavyopita. Huko Moradabad na Vellore, India, watoto waliokwishapata matone mengi walichomwa sindano, kisha wakapewa matone mengine ya kuipima kinga yao na vinyesi vyao vikachunguzwa. Waliotoa virusi walikuwa wachache kuliko wenzao wasiochomwa. Sindano iliukumbusha utumbo somo la zamani. Asiyesoma hana cha kukumbushwa.

*Kila kampeni matone tena, hamchoki?*

Tunachoka na swali hili. Tangu Aprili 2016 matone ya kawaida ya kliniki hayana aina ya 2 ya virusi vya polio. Aliyezaliwa baada ya hapo anaikinga kwa damu akichomwa sindano. Utumboni hana kumbukumbu nayo mpaka apate matone ya kampeni yenye aina hiyo. Na aina hiyo ndiyo iliyopatikana Burundi mwaka 2023, ndiyo iliyoisumbua Kongo (DRC). Ndiyo, ilitokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika vikizunguka kwa wasiochanjwa. Kwa hiyo ukiwafungia mlango wachanjaji, unaifuga.

*Katapika matone palepale.*

Apewe mengine palepale.

*Anaharisha, nisubiri apone?*

Mpeleke. Kuhara kunaweza kupunguza nguvu ya dozi, basi mwambie muuguzi aamue kama ataongezewa. Usiibe ruhusa ya kubaki nyumbani.

*Baada ya matone, ninawe nikibadilisha nepi?*

Nawa, virusi vya chanjo hutoka na kinyesi kwa wiki kadhaa. Kwani kabla ya matone ulikuwa hunawi?