Land Rover 109: ununue mkweche uufufue, au iliyokwisha tengenezwa?

Kwenye magereji ya Unga Limited, Arusha, hukosi kuona Land Rover 109, ile ndefu ya zamani, imelala pembeni, nyasi zimefika kwenye rimu, na mwenyewe anataja bei ya kuvutia. Bei hiyo isikuharakishe. Kinachoamua kama kufufua kutakuwa nafuu si injini. Ni chasisi, na ule ukuta wa chuma kati ya injini na kabini.

Bodi ya nje ya Land Rover hizi ni aluminiamu, ambayo haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo gari huonekana zima wakati mifupa imeshaoza. Chasisi ni chuma cha umbo la boksi. Tope linaingia ndani, linakaa na unyevu, na kutu inaanzia ndani kuja nje. Lala chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge boriti ya mwisho nyuma, mikono inayobeba bodi, na pale springi zinapofungwa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu. Ukikuta chini kumepakwa lami mbichi, gonga zaidi. Gari lililoishi Tanga au Dar es Salaam ligongwe kila mahali, kwa sababu ya chumvi ya bahari. La huku kwetu mara nyingi limeliwa na vumbi: bushi, jointi za usukani na mipira ya ekseli ya mbele.

Sumaku ya kutafutia puti, ule udongo wa kujazia mabonde ya bodi, wengi huipeleka mahali pasipofaa. Kwenye madigadi ya mbele haitashika hata kama hakuna puti. Ikishika, ujue kuna mtu aliweka bati la chuma. Ipeleke sehemu ya kuwekea miguu na nguzo za milango. Hapo ni chuma, na isiposhika umekutana na puti au faiba.

Injini ya lita 2.25 haitishi. Fundi akifungua silinda hedi, angalia juu ya pistoni kama kumepigwa namba 020 au 040, alama ya pistoni kubwa kuliko ya asili. Ikiwa ni 040, silinda zimeshachongwa sana na huenda ukalazimika kuweka slivu, yaani bomba jipya la chuma ndani ya silinda, kazi ya karakana yenye mashine. Kama injini inawaka, pima kompresheni: silinda moja ikipungua kwa zaidi ya takriban asilimia 10 kulinganisha na nyingine, tenga pesa ya ovahoo. Breki nazo hudharauliwa kwenye bajeti. 109 ina wili silinda 6, mbili kwa kila gurudumu la mbele na moja kwa kila la nyuma, na gari lililosimama miaka huzihitaji zote, pamoja na masta silinda na mipira.

Gari lililofunguliwa na kujazwa kwenye makatoni liache, hata kwa bei ya kutupa. Vitu vidogo vinavyokosekana, bawaba, mabano, vishikio, ndivyo vinavyomaliza pesa na miezi. Kwa gari lililo kamili, andika kila spea, uliza bei dukani, weka ujira wa fundi bodi, fundi umeme na fundi rangi kila mmoja peke yake, kisha ongeza theluthi. Kazi ianze na chasisi, ifuate ekseli na breki, injini, wayaringi, na rangi iwe ya mwisho. Anayeanza na rangi huilipia mara mbili.

Chasisi ikishindwa kipimo cha nyundo, ningenunua iliyokamilika bila kusita. Dai picha za chasisi ikiwa tupu, kabla bodi haijarudishwa. Fika asubuhi injini ikiwa baridi, uiwashe mwenyewe. Kagua rangi kwenye kingo na kuzunguka ribiti: aluminiamu isipopakwa praima yake maalumu, rangi hubanduka kama ganda. Mwisho, linganisha kadi ya gari na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma, mbele kulia karibu na springi. Zisipolingana, usitoe hata pesa ya kishika uchumba.