Organise au organize, nani kakosea hapa?

SWALI: Habari za kazi jamani. Juzi nimerudishiwa insha yangu ya Kiingereza imejaa wino mwekundu, kila nilipoandika organize na realize mwalimu kakata maksi, pembeni kaandika "hiyo ya Kimarekani, sisi tunafuata ya Uingereza". Color nayo kaipiga mstari, lakini judgment kaiacha. Sasa neno moja linakuwaje na spelingi mbili na zote ziko kwenye kamusi? Nisaidieni, mtihani uko karibu.

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Kwenye organize na realize hukukosea kitu, na hili linaniuma kwa sababu wanafunzi wengi wanakatwa maksi hivi hivi. Hiyo -ize asili yake ni Kigiriki, ikapita kwenye Kilatini, na Waingereza waliitumia zamani sana kabla Marekani haijawa nchi. Ile ya s imetoka kwa Wafaransa. Mpaka leo kamusi ya Oxford, ambayo ni ya Uingereza kabisa, inatanguliza organize halafu ndo inakuja organise, ila kwa kuwa Waingereza wengi siku hizi wanaandika s basi watu wakaamini z ni ya Wamarekani tu.

Ila uwe makini, sio kila neno linakubali z. Surprise, advise na exercise ni s tu, popote duniani. Na analyse kwa Uingereza inabaki na s hata kwa wale wanaopenda -ize, maana haina hicho kiambishi cha Kigiriki.

Kwenye color mwalimu yuko sawa kama mnafuata ya Uingereza, maana wao wanaandika colour. Zamani zote mbili zilikuwa zinaandikwa tu, hata kitabu cha tamthilia za Shakespeare cha 1623 utakuta honor na honour humo humo. Baadaye Samuel Johnson kwenye kamusi yake ya 1755 akaweka -our, halafu Noah Webster kule Marekani akaitoa u, kamusi yake kubwa ikatoka 1828 na Wamarekani wakamfuata. Sio kila alichotaka walikikubali lakini, alitaka tongue iwe tung wakagoma. Na hapa ndo wengi wanajikwaa: Muingereza anaandika humour, ila ikiwa humorous u inaondoka, honour na honorary vilevile. Ukiandika humourous umekosea kwa wote wawili.

Judgment kaiacha kwa sababu Uingereza zote mbili zinapita, yenye e baada ya g (judgement) na isiyo nayo (judgment), na ya mahakamani huwa haina hiyo e.

Practice na practise ni kesi nyingine, hapo huchagui unavyotaka. Kwa Uingereza c ni jina na s ni kitendo, Marekani wanatumia c kote kote.

Kwa huo mtihani andika organise na realise kama mwalimu anavyotaka, na ukianza na s maliza na s, usichanganye. Ila baada ya hapo mfuate kwa heshima akiwa peke yake, sio mbele ya darasa, mfungulie kamusi ya Oxford kwenye organize asome mwenyewe, maana kuna wenzako darasani nao wamekatwa maksi hizo hizo.