Tuzo za kujitolea na za uzungumzaji shuleni: tulipokosea na tulivyorekebisha

Ndugu mleta uzi, umeeleza kwamba bodi ya shule anakosoma binti yako imekukabidhi kazi ya kupanga tuzo mbili mpya za mahafali, moja ya wanafunzi wanaojitolea kwa jamii na nyingine ya wanafunzi hodari wa kuzungumza mbele ya watu, na unauliza washindi wapatikaneje bila manung'uniko. Mimi ni mlezi wa klabu ya mdahalo katika sekondari moja ya kata hapa Dar es Salaam, na tuzo za aina hiyo tumezitoa kwa miaka sita. Mwaka wa kwanza tulikosea vibaya, kwa hiyo naanza na kosa hilo.

Mwaka ule tulikaa walimu kumi na mmoja ofisini, kila mmoja akataja jina, kisha tukapiga kura. Akashinda kiranja wa usafi, kijana mwenye adabu ambaye kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi wa mazingira, alionekana na fagio mkononi. Alipoitwa mbele kupokea cheti, mama lishe mmoja anayeuza chakula karibu na geti letu alisimama pembeni ya turubai akauliza kwa sauti iliyofika hadi meza kuu, "Na yule mtoto wa mtaro?" Hakuna mwalimu aliyejua anamsema nani. Kesho yake nilimfuata, naye akanipeleka kwenye mtaro unaomwaga maji yake Mto Msimbazi. Pale kwenye mdomo wa kalavati nilikuta viroba vitatu vya matope na chupa za plastiki vimepangwa ukutani, na koleo ambalo mpini wake ulifungwa kwa mpira wa baiskeli. Mwanafunzi wetu wa kidato cha tatu, ambaye sisi tulimjua kwa kuchelewa namba ya asubuhi tu, alikuwa akizibua kalavati lile kila Jumapili tangu kabla ya masika, kwa sababu mwaka uliotangulia maji yaliingia chumbani kwa bibi yake. Niliona aibu, na bado naiona ninapoandika haya.

Mwalimu humwona mwanafunzi akiwa ndani ya uzio, lakini kujitolea kwa kweli hufanyika nje ya uzio, kwa hiyo shahidi wake lazima awe mtu wa nje. Tangu hapo kila anayetaka kushindanishwa huandika kazi zake katika kaunta buku: tarehe, kazi yenyewe, muda alioutumia, na sahihi ya mtu aliyenufaika au aliyesimamia, ambaye si ndugu yake wala si mwalimu wake. Anaweza kuwa mjumbe wa shina, muuguzi wa zahanati au jirani mzee. Sahihi peke yake haitoshi. Tuliwahi kupata daftari la miezi mitatu lililojazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, na tangu wakati huo walimu wawili huenda mtaani bila taarifa na kuzungumza na waliotia sahihi.

Nakusihi msishindanishe wingi wa saa. Binti anayerudi nyumbani kupika na kulea wadogo zake, au kijana anayeuza maji stendi jioni, hatafikisha saa za mwenzake ambaye kwao kuna msaidizi wa kazi. Sisi tunapima mwendelezo. Hata Tuzo ya Duke of Edinburgh, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1956, katika ngazi ya shaba humtaka kijana ajitolee kwa wastani wa saa moja tu kwa wiki, lakini kwa muda usiopungua miezi mitatu. Kuna mzazi aliyelalamika kwamba tunaiga mambo ya kigeni. Nilimkumbusha kwamba Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na mapendekezo kutoka walikofanya kazi yalizingatiwa katika kuwachagua. Kupima utumishi wa kijana kwa ushuhuda wa watu aliowatumikia si jambo geni kwetu.

Katika tuzo ya uzungumzaji, tatizo kubwa ni lugha. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, na kwa miaka miwili mfululizo washindi wetu walikuwa watoto waliotoka shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza. Wengine walikuwa na hoja lakini hawakuwa na maneno ya kuzibeba. Sasa kuna mizunguko miwili, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiingereza, na alama zinajumlishwa. Katika mzunguko wa kwanza wa Kiswahili, mvulana wa kidato cha pili ambaye hatukuwahi kumsikia darasani alieleza jinsi bei ya dumu la maji inavyopanda kutoka kwenye bomba hadi mlangoni kwao, akitaja kila mkono linaopitia, na ukumbi ukanyamaza kabisa.

Mada huchaguliwa kwa kura dakika kumi na tano kabla, ili hotuba isiandikwe na baba. Muda ni dakika tano hadi saba, na mtunza muda hunyanyua kadi ya kijani, ya njano, kisha nyekundu, utaratibu tuliouchukua kwa Toastmasters, chama cha kujifunza kuzungumza mbele ya watu kilichoanzia Marekani mwaka 1924. Alama 40 ni za hoja, 30 za kujibu maswali ya wasikilizaji, 20 za lugha na 10 za kutunza muda. Naamini zile 30 ndizo zinazomtofautisha anayefikiri na aliyekariri. Majaji watoke nje ya shule, na kila mmoja aandike alama zake kabla ya kuzungumza na mwenzake.

Kuhusu zawadi, epukeni fedha taslimu. Kamusi, mkebe na barua nzuri ya mkuu wa shule vinatosha. Wala msiwasubirishe wa kidato cha tatu hadi wahitimu. Watangazeni mstarini mbele ya shule nzima. Ila kwenye cheti andikeni sababu yenyewe, na isomwe kwa sauti. Mwaka uliofuata cha yule kijana kilisomeka, "Alizibua kalavati la mtaa kila Jumapili kuanzia Februari hadi Mei," na aliyemkabidhi hakuwa mgeni rasmi, bali yule mama lishe, aliyekuja amevaa kitenge kipya.

Kama utahitaji mfano wa kaunta buku na karatasi ya alama, niandikie hapa hapa, nitaweka picha za kurasa mbili za mwanzo.