Diski Inaandika Nini Usiku Kucha? Maswali na Majibu

Maswali ya safari hii yanatoka kwa watumiaji wa Linux, na karibu yote yanauliza jambo moja: diski au memori kadi inachoshwa na kazi ambayo hakuna aliyeituma.

Nimegeuza laptop kuukuu kuwa seva ya vitabu vya shule. Wanafunzi wanasoma tu, hakuna anayehifadhi chochote. Mbona taa ya diski haitulii?

Kwa sababu kusoma nako huandikisha. Kila faili kwenye ext4, mfumo wa mafaili unaotumika sana kwenye Linux, lina mihuri ya saa, na mmojawapo, atime, huonyesha lini lilisomwa mara ya mwisho. Taarifa za faili moja kwa kawaida huchukua baiti 256, lakini mfumo hauandiki vipande vidogo hivyo. Huandika bloku nzima ya baiti 4,096, yenye taarifa za mafaili 16. Mtoto anafungua kitabu kimoja, bloku nzima inaandikwa upya ili kukumbuka saa tu. Tena huandikwa mara mbili: kwanza kwenye jonali (daftari la mabadiliko la mfumo, nitalieleza hapa chini), kisha mahali pake.

Tangu kerneli (kiini cha Linux) toleo la 2.6.30 la mwaka 2009, Linux hutumia relatime: muhuri haubadilishwi mpaka faili liwe limebadilika tangu lilipowahi kusomwa, au muhuri wa zamani uwe umepita saa 24. Nafuu kubwa, ila vitabu vinavyosomwa kila siku bado vitaandikiwa muhuri kila siku. Mimi huweka noatime, inayozima muhuri huo kabisa, bila kusita. Fungua /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski na chaguo zake, kwenye mstari wa diski yako andika `defaults,noatime`, kisha toa amri `mount -o remount,noatime /`. Angalia kwa `findmnt /` kama imekubali. Kama una skripti inayofuta mafaili yasiyosomwa muda mrefu, irekebishe kwanza, maana hiyo inategemea atime.

Herufi chache zinawezaje kuimaliza memori kadi ya gigabaiti 32?

Kadi haiwezi kuandika juu ya kilichopo. Huandika kwa kurasa za kilobaiti kadhaa, na kufuta kwa bloku kubwa zaidi, mamia ya kilobaiti hadi megabaiti kadhaa kwa mpigo. Ili kupata nafasi, hukusanya kurasa zinazofaa bado, huzihamishia kwingine, ndipo hufuta bloku. Kwa hiyo kilobaiti 4 zako zinaweza kuzaa kazi kubwa mara nyingi zaidi ndani ya kadi, na kila bloku ina idadi ya kufutwa kabla ya kuchoka.

Nimeambiwa nizime jonali ili kadi idumu. Nikubali?

Usikubali, tafadhali. Jonali ni daftari ambamo mfumo huandika kwanza mabadiliko unayokusudia kuyafanya, ili umeme ukikatika katikati ya kazi ujue pa kuendelea. Katika hali ya kawaida ya ext4, data=ordered, yanayopita humo ni taarifa za mafaili tu; yaliyomo huandikwa mara moja tu, si mbili. Anayeandika kila kitu mara mbili ni data=journal, na hiyo huipati bila kuiomba.

Niliwahi kukesha na mashine ambayo jonali yake ilizimwa. Umeme ulikatika jioni moja, na baada ya e2fsck (programu ya kukarabati mfumo wa mafaili) folda lost+found ilijaa mafaili yenye majina kama #131075. Ankara za miaka miwili, hakuna hata moja iliyobaki na jina. Tulizifungua moja moja.

Ukitaka kupunguza, ongeza commit, muda ambao mfumo husubiri kabla ya kuandika mabadiliko kwenye diski, kutoka sekunde 5 za kawaida hadi 30, ukijua kwamba umeme ukikatika unaweza kupoteza kazi ya nusu dakika.

Na logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo?

Ukitumia systemd (programu inayoendesha huduma za mfumo kwenye Linux nyingi), weka `Storage=volatile` kwenye /etc/systemd/journald.conf. Logi zitakaa kwenye RAM, na zitapotea mashine ikizimika. Kwa mashine unayoichunguza tatizo, usifanye hivyo.

Nimeandika programu ya mauzo kwa hifadhidata ya SQLite. Kuingiza bidhaa 500 kunachukua muda mrefu mno, na kila dakika inahifadhi upya faili la bei. Nianzie wapi?

Hapa ndipo penye faida kubwa, kwa kuwa unaweza kuziba chanzo chenyewe. Kila INSERT (amri ya kuingiza data) iliyo peke yake ni muamala kamili: SQLite huandika, husubiri diski ithibitishe, ndipo huendelea. Umesubiri mara 500. Weka BEGIN kabla ya bidhaa ya kwanza na COMMIT baada ya ya mwisho, usubiri mara moja. Kisha washa `PRAGMA journal_mode=WAL`, ambayo huandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, iliyopo tangu toleo la 3.7.0 la mwaka 2010.

Faili la bei, lisome kwanza ulinganishe na unachotaka kuandika. Yakiwa sawa, acha. Bei za duka hazibadiliki kila dakika, lakini diski yako inaandikiwa mara 1,440 kwa siku kana kwamba zinabadilika.

Kabla hujagusa chochote, soma /sys/fs/ext4/sda1/lifetime_write_kbytes, ukiweka jina la sehemu (partition) ya diski yako badala ya sda1. Namba hiyo ni kilobaiti zote zilizokwisha kuandikwa. Iandike leo, soma tena kesho saa ileile, kisha fanya mabadiliko upime upya.