Kabla ya Kununua Juisi ya Mvinyo, Geuza Boksi Usome

Mvinyo wa nyumbani huharibikia dukani, mbele ya rafu ya juisi. Watu huniuliza kuhusu hamira na siku za kusubiri. Mimi huwauliza boksi limeandikwa nini nyuma. Ukikuta sodiamu benzoeti (E211) au potasiamu sobeti (E202), rudisha rafuni. Hivyo ni vihifadhi vinavyozuia hamira isizaliane, kwa hiyo utabaki unaitazama chupa iliyotulia tuli. Asidi ya sitriki na vitamini C hazina neno. Chukua iliyoandikwa juisi asilimia 100. Nekta nyingi ni maji, sukari na kidogo cha tunda.

Hapo hapo kwenye boksi soma sukari. Kila gramu 17 kwa lita hutoa takriban asilimia 1 ya kilevi. Mimi hulenga gramu 200 kwa lita, yaani karibu asilimia 12. Juisi ya tufaha yenye gramu 110 naiongezea 90. Ya zabibu yenye 160, gramu 40 zinatosha. Ya embe siipendekezi kwa anayeanza, ni nzito na mashapo yake ni mengi mno.

Hamira ya mandazi itachachusha, ila huacha harufu ya unga uliolala. Tafuta hamira ya mvinyo, kama Lalvin EC-1118. Pakiti ya gramu 5 inatosha hata lita 20. Joto la Dar es Salaam ni kali kwake, kwa hiyo weka chombo kwenye beseni la maji, ukifunge kitambaa kibichi.

Sasa nisikilize vizuri kwenye kifuniko: usikikaze kamwe. Hamira inatoa hewa ya kaboni dioksidi, na chupa ya kioo iliyozibwa hupasuka. Toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba, ziba pembeni, ncha ya pili izame kwenye glasi ya maji. Hewa inatoka, ya nje haiingii, wala vijidudu vya siki. Usijaze chombo hadi shingoni, maana povu la siku za mwanzo hupanda. Na kila kitu kinachogusa juisi kioshwe, kisha kitakaswe.

Mapovu yakikoma, usikimbilie chupa. Mvinyo huanza kung'aa juu, weupe ukishuka taratibu hadi mashapo yalale chini kama tope laini. Unyonye kwa mpira kwenda chombo kisafi bila kuyatibua, uache utulie tena. Haidromita, kifaa kinachoelea cha kupimia sukari iliyobaki, ikisoma 1.000 au chini yake, na isibadilike kwa siku kadhaa, ndipo ufunge chupa. Kama bado ni mtamu na kipimo kinashuka, sukari ipo na hamira i hai. Ukifunga, chupa italipuka kabatini.

Kunywa nyumbani ni jambo moja, kuuza ni jingine: kunataka leseni. Na usijaribu kuukeneka, yaani kuuchemsha na kukusanya mvuke wake uwe pombe kali.