Nyota zinajaa kwenye simu, hadithi haijui

SWALI: Shikamoo mwalimu wa safu. Niko Tukuyu, mwanangu yuko darasa la nne, shuleni walituambia tuwawekee watoto programu ya kusoma kwenye simu basi nikaweka, kila jioni anasoma dakika ishirini na bando linaisha kweli kweli. Nyota anapata, tena anapigiwa na muziki wa kumpongeza. Juzi nikamuuliza haya niambie hiyo hadithi inahusu nini, kimya, ananitolea macho tu. Yaani anasoma kama redio ila kichwani hamna kitu. Niifute au nimwongezee muda?
Mama D, Tukuyu

JIBU: Marahaba mama D, poleni na baridi huko. Usiifute, na muda usimwongezee. Kaa pembeni yake umwangalie anavyojibu yale maswali. Mi nilikaa na mpwa wangu hapa Uyole, hadithi inasema "wavuvi walisukuma ngalawa mpaka majini", swali likaja: wavuvi walisukuma nini? Gari, ngalawa au mkokoteni? Akabonyeza ngalawa faster, nyota hiyo. Nikamuuliza ngalawa ndo nini, akanijibu bila wasiwasi "si samaki mkubwa anko". Sasa simu inajua kaelewa, kumbe kaoanisha neno na neno tu.

Kwahiyo kabla hajaanza, chungulia hadithi utoe maneno mawili matatu mpige stori kidogo. Ngalawa mwambie ni kama mitumbwi ya kule Matema ziwani, ila hii ina mbao huku na huku ubavuni zinazoishikilia isipinduke baharini. Mtoto wa milimani ambaye bahari hajawahi kuiona ataielewaje hadithi ya pwani hata kama anatiririka? Halafu asome kimyakimya, akimaliza simu ifunikwe mezani akusimulie, akichanganya na Kinyakyusa muache, hapo hupimi Kiswahili chake. Muulize kwanini zaidi ya nani na wapi, akijibu mwambie nionyeshe mstari uliokufanya useme hivyo.

Sisemi programu hazina kazi. Kule Tanga watoto wa vijijini walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili kwenye shindano la Global Learning XPRIZE, na 2019 zikatangazwa mbili kuwa washindi, onebillion na Kitkit School. Ila wale wengi walikuwa hata herufi hawazijui, wa kwako herufi kashazimaliza zamani, ugonjwa wake mwingine.

Kuhusu bando, ingia African Storybook, ni mradi ulioanzia Afrika Kusini, hadithi ni za bure na unazidownload siku moja ukiwa na intaneti anasoma wiki nzima bila bando, au nenda stationery wakuprintie. Ninachoipendea zaidi hadithi nyingi zipo Kiswahili na Kiingereza, asome ya Kiswahili mpaka aielewe ndo ahamie ya Kiingereza, maana akifika form one masomo karibu yote yanageuka Kiingereza na hapo ndo wengi wanapozama.

Na ule muziki wa nyota uzime mama, punguza sauti mpaka mwisho. Mpwa wangu nilikuja kugundua alikuwa anabonyeza haraka haraka ili ausikie tu.