Muulize Ami: Anwani ninazo, makala sina

Assalaam aleikum Ami. Mimi natembeza wageni hapa Lamu, nakaa Langoni. Kila nikikutana na makala nzuri mtandaoni kuhusu Takwa, Siyu, Pate, milango ya nakshi au majahazi ya Matondoni, nilikuwa naiweka kwenye huduma moja ya kuhifadhia mambo ya kusoma baadaye. Ilipofungwa nikapewa faili lenye vichwa vya makala na anwani tupu, na nyingi nikizibonyeza hazifunguki. Wenzangu wananitajia Hypothesis, Zotero na vinginevyo, kila mtu na lake. Natumia laptopu yenye Firefox, na mtandao wetu unaujua. Nishike kipi? Na je, ninayoandika pembeni mwa makala yanaonwa na watu?
*Msomaji, Lamu*

Waaleikum salaam, mwanangu. Huduma yenyewe hukuitaja, na si kitu, maana hawa hawafungi mmoja mmoja. Omnivore ilikwenda mwishoni mwa 2024. Pocket, iliyoanza 2007 ikiitwa Read It Later na kununuliwa na Mozilla 2017, ilifungwa tarehe 8 Julai 2025. Wote waliopewa orodha zao waligundua ulichogundua wewe: anwani ni kujua mlango tu, na mwenye nyumba akihama utabisha mpaka adhuhuri.

Tuanze na zilizopotea. Nenda web.archive.org, kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, watu wanaohifadhi kurasa za mtandao tangu 1996. Bandika hapo anwani iliyokufa. Ukurasa ukiwa uliwahi kunakiliwa, itatokea kalenda, na tarehe zenye nakala zina duara, mara nyingi la buluu. Usikimbilie tarehe ya mwisho. Mara nyingi hiyo ndiyo nakala ya siku ukurasa ulipokwisha ondolewa. Rudi nyuma kidogo. Hutazipata zote, hasa zilizokuwa za kulipia, lakini utapata za kukufuta machozi.

Sasa za kuanzia leo. Kwa kazi yako na mtandao wenu, mimi ningeweka SingleFile. Ni kiendelezi cha bure, yaani programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari, kipo kwa Firefox. Ukiwa kwenye makala, shuka kwanza mpaka chini kabisa ili picha zote zifunguke, kisha bonyeza alama yake juu ya kivinjari. Kinakusanya maandishi, picha na mpangilio wote, na kuvitia ndani ya faili moja la HTML kwenye folda yako ya vilivyopakuliwa. Jina la faili linabeba kichwa cha makala na tarehe uliyohifadhi, na ndani yake anwani ya asili imeandikwa, kwa hiyo mgeni akikubishia habari za kaburi la nguzo la Takwa utajua ulizitoa wapi. Faili hilo linafunguka bila intaneti. Hata mwenye kutengeneza SingleFile akiacha kesho, faili lako haliulizi mtu ruhusa.

Kuandika pembeni pia kumo. Bonyeza kulia kwenye ukurasa, ingia menyu ya SingleFile, uchague kuandika maelezo kabla ya kuhifadhi. Utapata rangi za kupigia mistari na vikaratasi vya kuandikia, manjano, waridi, buluu na kijani, na vyote vinakaa ndani ya faili lile lile. Ushauri usioniomba: usipige rangi kila kitu. Nimeona makala za watu zimegeuka manjano tupu, hujui wapi walikuwa na neno la kusema. Andika swali lako, au jina la mzee wa Pate utakayekwenda kumuuliza kama ni kweli.

Hypothesis ni kitu kingine, chombo cha kuandika maelezo juu ya kurasa zikiwa mtandaoni. Ni ya bure kwa mtu binafsi, na kwenye Firefox hukaa kama alamisho maalumu ya kubonyeza. Maandishi yako hayaingii kwenye makala yenyewe, yanakaa kwenye seva zao na kunasishwa kwenye maneno uliyoyachagua. Mwenye tovuti akibadilisha maneno hayo, maelezo yako hubaki yatima, yapo lakini hayana pa kukaa. Na jibu la swali lako ni hili: ukiandika chini ya kundi la "Public" na kutuma bila kubadilisha, ndiyo, dunia nzima inaona. Kuna sehemu ya kuchagua "Only Me" kabla ya kutuma. Uzuri wake ni kwa watu wanaosoma pamoja. Watembezaji wenzako mkitaka kuchambua makala moja kwa kikundi, fungueni kundi la faragha huko.

Zotero, programu ya kupanga marejeo ya utafiti, nitakusifia siku utakapoamua kuandika kitabu cha mji wako. Inachukua jina la mwandishi, kichwa na tarehe yenyewe, inaweka nakala ya ukurasa kwenye laptopu yako, na tangu toleo la 7 la mwaka 2024 unaweza kupiga rangi na kuandika juu ya nakala hizo. Ukitaka ilingane na kompyuta nyingine, nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300, lakini ndani ya laptopu hakuna kikomo zaidi ya diski yako.

Jambo moja la kuangalia: viendelezi vingi vya aina hii huomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaofungua, na ukurasa wa benki yako umo humo. Weka unachotumia, ungoe kilichobaki. Na folda ile ya mafaili inakili kwenye fleshi, usiiache kwenye laptopu peke yake. Hewa ya chumvi ya huko mnaijua.

Ami, mimi sina kompyuta, ni simu ya Android tu, nasoma mapishi na mambo ya uzazi. Nimetafuta viendelezi kwenye Chrome sivioni. Nimekosea wapi?
*Mama wa Malindi*

Hujakosea mahali, mama. Chrome ya Android haipokei viendelezi. Firefox ya Android inapokea, na SingleFile imo. Kama hutaki kivinjari cha pili kikulie nafasi, baki na Chrome: gusa nukta tatu, chagua kushiriki, kisha kuchapisha, halafu hifadhi kama PDF. Fanya ukiwa na bando, usome baadaye bila bando. Ila PDF hiyo ipe jina unalolijua papo hapo, ama utakuja kuitafuta samaki wa kupaka katikati ya kliniki za wajawazito.